Kitabu cha Ubena of the Rivers na Desturi ya Kuzuru Kwao

Kitabu cha Bwana Culwick na mkewe, kiitwacho Ubena of the Rivers, yaani Ubena wa Mito, kilipigwa chapa London mwaka 1935, na hata leo mtu atakaye kusoma habari za kale za bonde letu huelekezwa kwanza kwacho. Tumekisoma tena mwaka huu kwa sababu ya wageni wetu. Vijana waliozaliwa Dar es Salaam, na wengine katika nchi za ng'ambo, hurudi Kiberege na Ifakara kuwaona jamaa zao na kutazama mahali walipokaa wazee wao. Na baadhi yao huja na kurasa walizozinakili humo, wakitaka ziwe kiongozi wao. Basi twauliza: je, kitabu hiki chaweza kumfikisha mtu kwao?

Tuseme kwanza lililo jema. Bwana A. T. Culwick alikuwa ofisa wa serikali ya Waingereza katika bonde hili. Yeye na mkewe waliishi kati ya watu waliowaandika, hawakuwa wapita njia. Tena walifanya jambo lisilo la kawaida zamani zile: sura moja waliiacha kwa Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe, na jina lake likapigwa chapa pamoja na majina yao. Siku hizo mwenyeji alikuwa mtu wa kuulizwa. Jibu lake liliandikwa, jina lake likaachwa. Hapa mwenyeji amepewa nafasi yake. Twawasihi walimu wenzetu waanze na sura hiyo, hata kama itawalazimu kuruka kurasa nyingi, kwa kuwa sauti ya mwenye nyumba haifanani na sauti ya mgeni wake, hata wakisimulia jambo moja.

Lakini sauti ya Mtema ni sauti ya barazani, na bonde si baraza peke yake. Tazama jina la kitabu. Wabena walishuka kutoka nyanda za juu katika karne ya 19, nao waliwakuta Wandamba mtoni, watu wa mitumbwi na nyavu. Waandishi hawakuficha kwamba taifa walilolieleza lilikuwa mchanganyiko wa watu wengi. Hata hivyo wote wamewekwa chini ya jina la waliotawala. Msomaji aliye mgeni hudhani kwamba mto ni wa Wabena na wengine ni wapangaji. Mtoto wa Mndamba akitafuta humo habari za babu yake aliyevua kambale na kupanda mpunga, atakuta desturi za kabila kwa jumla, lakini njia ya kwenda nyumbani kwa babu yake hataiona. Miaka tisa kabla ya kitabu hiki, mwaka 1926, Bwana A. G. O. Hodgson alikuwa ametoa makala yake juu ya desturi za uwindaji za Wandamba. Ni habari fupi, tena ya uwindaji tu, lakini humo Mndamba ameitwa Mndamba. Twaona si haki kumpa kijana kitabu kimoja pasipo kumtajia na kingine.

Tulipata kuona hasara yake kwa macho. Kijana mmoja alishuka katika garimoshi la TAZARA pale Ifakara, akaja kwetu na karatasi zake mkononi. Kabla hajaketi alituuliza palipokuwa na makao ya watemi. Sisi tukamwuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Akamtaja baba yake, nasi tukamjua shangazi yake, mama mzee akaaye si mbali. Tukamwambia aende akamwamkie kwanza. Alijibu kwa adabu kwamba atakwenda jioni, maana alitaka kupiga picha kabla jua halijawa kali. Akapanda pikipiki na kijana wa hapa, wakaenda, naye alirudi amefurahi sana: amekwisha kuona miembe ya babu yake! Kesho yake shangazi alipoonyeshwa picha zile alicheka mpaka akafuta machozi. Miembe ile ilipandwa na mwenye duka mmoja, babu akiwa amekwisha kufa. Makaburi ya ukoo yalikuwa ng'ambo ya kijito, katika majani, na hakuna aliyejua hatua zake ila yeye na ndugu yake mmoja aliye mgonjwa.

Kosa hili si la kijana peke yake. Atembeleaye Kilwa au Bagamoyo hukuta kuta za mawe, hata asipokutana na mtu mahali penyewe humwonyesha kitu. Bonde letu halikujengwa kwa mawe. Nyumba ya miti na udongo na majani, hata iwe ya mtema, haikai miaka mingi baada ya moto kuzimika ndani yake. Mafuriko na majani huitwaa. Hubaki mwembe, jiwe la kusagia, na kilima kidogo cha kaburi, na vitu hivi ni bubu. Tena mwaka 1973 serikali iliamuru watu wote wawe wamekwisha kukaa katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976, na nyumba nyingi zilizotawanyika nchini zikawa mahame. Kwa hiyo jamaa ndio mlango wa mahali. Anayetenga ziara mbili, ya jamaa na ya mambo ya kale, hapati hata moja. Hapa ndipo tunapokilaumu kitabu kwa kweli: chaeleza vizuri jinsi watu walivyotawaliwa, walivyooa na walivyozika, lakini chawafanya wasomaji wadhani kwamba habari hizo zaweza kusimama pasipo mtu wa kuzishika. Laiti waandishi wangalionya hivyo katika dibaji!

Na ziara zenyewe zimekuwa fupi. Zamani aliyekwenda kuwaona ndugu zake upande wa Lupiro na Mahenge alingoja kivuko, akaogopa mvua, na akiisha kuvuka alikaa siku nyingi. Sasa daraja la mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 384, hupitwa kwa dakika chache. Twamshukuru Mungu kwa daraja. Lakini mgeni wa saa mbili huambiwa mambo ya saa mbili. Habari za makaburi huja usiku wa tatu, watoto wakiisha kulala.

Mapadre na wachungaji watatuuliza, je, kuwapeleka vijana makaburini si kuwarudisha katika tambiko? Swali ni la haki. Bibi Maia Green, katika kitabu chake juu ya Wapogoro wa Mahenge kilichotoka mwaka 2003, ameonyesha kwamba watu waliushika Ukristo pasipo kuwaacha wafu wao, na mambo yaliyokatazwa na misioni yaliendelea kando yake. Twaona kitabu chake chawafaa makasisi kuliko cha Culwick, ingawa hakipendezi kukisoma kwa mtu aliyetumikia misioni maisha yake yote. Kwa maoni yetu, kufyeka kaburi, kulitaja jina la marehemu na kumwombea si tambiko. Tarehe 2 Novemba Wakatoliki hufanya yayo hayo. Kijana asiyepelekwa na mwalimu wake atapelekwa na mtu mwingine, na hatutajua alifundishwa nini huko.

Kuna kitabu cha namna nyingine ambacho chaweza kulijaza pengo la Ubena of the Rivers, nacho kimo makabatini mwetu. Wajukuu wa Waayalandi waliohamia Marekani hurudi kwao mashambani kuwatafuta jamaa na nyumba za wazee. Hati nyingi za nchi ile ziliungua Dublin mwaka 1922, lakini vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki vilikuwa vimebaki parokiani. Na mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya huko iliweka picha za kurasa zake mahali ambapo kila mtu aweza kuzisoma bure. Misioni zetu nazo zina umri: Kwiro ilianzishwa mwaka 1902. Katika vitabu vya ubatizo mvuvi huandikwa kama mtema, na mama huandikwa pamoja na baba. Twawaomba mapadre wavifanyie nakala kabla mchwa hawajavisoma.

Kijana yule tulimtafutia katika kitabu kimoja cha namna hiyo, tukamkuta babu yake, na jina la mama yake babu kwa wino uliofifia. Alilinakili kwa uangalifu, akampelekea shangazi. Mama mzee alilisikiliza likisomwa, akatikisa kichwa. Padre, alisema, alisikia vibaya. Akalitamka jina lenyewe mara tatu, polepole, mpaka kijana akaliandika sawa. Kisha akaomba fimbo yake na mundu.