Filamu ilichukua ngoma, ikaacha wenye ngoma

Wengi wetu tulijua disco kwa filamu moja, Saturday Night Fever ya mwaka 1977. John Travolta anacheza vizuri, hakuna wa kubisha. Lakini filamu ile iko na kasoro kubwa: ilichukua ngoma, ikaacha wenye ngoma.

Wenyewe walikuwa nani? Mu New York walikuwa Weusi, watu wa asili ya Puerto Rico, na hasa wanaume wenye kupenda wanaume. Polisi walikuwa wanawasumbua mu baa. Mwezi wa sita 1969, kwenye baa ya Stonewall, wakakataa. Mwaka 1970 David Mancuso akaanza kualika watu kwake, pahali palipoitwa The Loft. Pombe hakuuza. Watu walicheza bila woga mpaka asubuhi.

Katika filamu, watu wa namna ile wanapita kidogo tu, na vijana wanawatukana. Tena ilitungwa juu ya makala ya Nik Cohn ya 1976, na mwenyewe alikiri kisha kwamba alibuni.

Wengine wanasema kupiga sahani za wengine si ufundi. Sikubali. Francis Grasso alikuwa anaunganisha sahani mbili bila mdundo kukatika. Hapa kwetu mpiga ngoma anaangalia kwanza miguu ya wachezaji mbele ya kubadilisha mapigo. DJ njo vile vile.

Na tusiseme ni mambo ya wageni tu. Mancuso njo alipiga pale Loft wimbo Soul Makossa wa Manu Dibango, Mkameruni aliyepiga saksofoni na African Jazz ya Kabasele. Mwaka 1973 ukaingia mu nyimbo 40 za juu za Marekani.

Tarehe 12 mwezi wa saba 1979, mu uwanja wa Chicago, walilipua sahani za disco mbele ya watu maelfu. Kumbe mu mji uleule Frankie Knuckles alikuwa anapiga mu boite yenye kuitwa Warehouse. Toka jina lile njo muziki wa house ulipata jina. Larry Levan naye alipiga Paradise Garage, New York, mpaka 1987.

Basi sisi wenye kuandika juu ya desturi tuulize kila mara: nani alicheza wa kwanza? Na tumwandike, hata kama jirani hampendi.