Dereva wa Serengeti

Mgeni humkumbuka chui. Aliyemwona kwanza ni dereva: mkia tu, ukining'inia juu ya mgunga, huku yeye akikwepa mashimo na kusikiliza redio ya upepo. Alfajiri keshakagua matairi, maji ya rejeta na springi zilizoteswa na barabara ya lango la Naabi. Ikitokea pancha, hupiga jeki mwenyewe, akitupia jicho majani marefu. Haachi njia hata akibembelezwa kwa ajili ya picha. Sheria ya hifadhi inakataza, na lawama ni zake. Jioni wageni wakioga, yeye anafuta vumbi kwenye viti, kisha anafungua kitabu cha ndege, maana kesho ataulizwa majina. Na bahashishi? Mara nyingi hutegemea kama simba walionekana, kana kwamba yeye ndiye huwapangia zamu.