Mafiga ya Ushairi na Jiko la Uani

Tangu zamani, mafiga yamekuwa sitiari ya umoja katika lugha ya Kiswahili. Methali yasema jifya moja haliinjiki chungu. Na wanasiasa wa Tanzania wameitumia picha hiyo hiyo kuomba kura tatu kwa pamoja, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Lakini sitiari huishi kwa kitu kinachoibeba, na kitu hicho, katika nyumba za Kinondoni na Temeke, kimebadilika umbo.

Mafiga ni mawe matatu yaliyookotwa huku na huko, yasiyolingana, yakapangwa hata yakakubali chungu. Pande zote zi wazi: kuni husukumwa ndani moto ukififia, huvutwa nje ukizidi. Umoja wake ni wa kutafutwa, na humo ndimo methali ilimopata nguvu.

Jiko la mkaa ni kazi ya fundi bati: juu bakuli lenye matundu, chini chumba cha majivu chenye kilango cha upepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Kenya, jiko hilo lilitiwa kiuno na kuvikwa udongo wa kuchoma ndani, kwa kufuata mfano wa Thailand, ili lihifadhi joto na kupunguza mkaa. Baadaye Dar es Salaam ikalijua la namna hiyo kwa jina la jiko bora. Mdomoni mwake mna vyuma vitatu vya kubeba sufuria. Ndiyo mafiga yale yale, ila yamekwisha kupigwa ribiti. Hakuna tena wa kuyatafuta wala kuyapatanisha.

Katika nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba huku na huku na ukumbi katikati, kila mpangaji ana jiko lake. Jioni uani huwaka majiko kadhaa, kila moja na sufuria yake. Mshairi anayeyasifu mafiga hapo husifu kisichokuwapo, akakiacha kilichopo: kaa la moto linaloombwa kwa jirani na kubebwa kwa koleo. Umoja wa uani umo katika kaa hilo.

Wala si haki kuyalilia mawe. Lugha inayosema mwanamume "amepata jiko" imemgeuza mwanamke kuwa chombo, ikasahau kuwa yeye ndiye avutaye moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani.

Mkakati wa Tanzania wa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mapafu yatapona, lakini mtungi wa gesi hauna kaa la kuazima. Ushairi utakaostahili uani huo ni ule utakaotazama kwanza majirani wanaazimana nini, ndipo utafute sitiari yake.