Mti Usiowazwa na Mtu

Msomaji, tia mkono wako mmoja katika maji ya moto na wa pili katika maji baridi, kisha itumbukize yote miwili katika chombo kimoja cha maji ya vuguvugu. Mkono mmoja utakuambia kuwa maji hayo ni baridi, na wa pili kuwa ni ya moto. Utausadiki ushahidi wa mkono upi?

John Locke alilitaja jambo hili katika kitabu chake juu ya akili ya binadamu, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1689. Alihukumu kwamba joto, rangi na ladha huamshwa ndani yetu, wala havimo katika vitu jinsi tuvionavyo. Lakini umbo, ukubwa na mwendo vimo katika vitu vyenyewe. George Berkeley wa Ailandi hakuridhika na hukumu hiyo ya nusu. Katika Mazungumzo Matatu baina ya Hylas na Philonous, yaliyopigwa chapa London mwaka 1713, alidai kuwa hata umbo na ukubwa hugeuka kwa kadiri ya jicho litazamalo. Basi hakuna maada nje ya akili, na kuwako kwa kitu ni kutambuliwa kwake.

Wengi walimcheka. Mwaka 1763 Dakta Samuel Johnson alilipiga teke jiwe kubwa, akasema kuwa kwa teke hilo amemkanusha. Hakumkanusha. Ugumu wa jiwe na maumivu ya mguu ni hisia, na hisia Berkeley hakuzikana kamwe. Wala hakusema kwamba jiwe ni ndoto, maana aliamini kuwa Mungu hulitambua daima. Laiti Johnson angaliuhurumia mguu wake!

Dosari ya kitabu iko mahali pengine. Philonous amtaka Hylas awaze mti usiowazwa na yeyote. Hylas ajaribu, kisha akiri kushindwa, kwa kuwa mti huo umekwisha kuwazwa naye. Hapa asalimu amri upesi mno, nami nashuku kuwa mwandishi alimuumba ili ashindwe. Wazo langu la mti limo akilini mwangu, naam. Lakini mti niuwazao si wazo. Nimwazapo babu wa babu yangu, tendo la kuwaza ni la leo, bali yeye aliishi zamani, wala hakungoja nimfikiri ndipo apate kuzaa.

Ufikapo penye mti huo, katika mazungumzo ya kwanza, kifunge kitabu kwa kitambo, umjibie Hylas kabla hajakubali.