Cheche ya Kale na Cheche Mpya

Wapenzi wa magari ya kale wamegawanyika. Wako wanaotaka Volkswagen Beetle ibaki na platini zake, na wako wanaozing'oa na kutia kifaa cha elektroniki ndani ya distributa ile ile. Kila upande una hoja, ila hoja hizo hazilingani uzito.

Platini ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana; vinapoachana, koili hutoa umeme mkali na plagi hutoa cheche. Kasoro yake ni kulika: ile nafasi ya milimita 0.4 hupungua, na cheche huchelewa. Kifaa cha elektroniki, ambacho Chrysler ilikitia katika magari yake yote ya 1973 nchini Marekani, hakina vipande vinavyogusana. Hapo kimeshinda, wala sibishi.

Ninachokikosoa ni madai kwamba kifaa hicho huponya distributa iliyochoka. Springi na vizito vinavyowahisha cheche hubaki vile vile. Vikiwa vimekwama, gari litaendelea kukosa nguvu. Tena platini huchakaa polepole, nazo husafishwa kwa msasa kando ya barabara. Kifaa kikiungua, fundi hana la kusafisha.

Basi anayetaka kubadilisha na abadilishe, lakini kwanza aikague distributa. Platini zake za zamani azifunge kwa kitambaa, aziweke garini pamoja na kondensa na bisibisi, na ajue kuzirudisha.