Mfasiri na Mtungaji: Tarjuma ya Kiingereza katika Michezo ya Final Fantasy

Msururu wa michezo ya video uitwao Final Fantasy ulianzishwa nchini Japani mwaka 1987 na Hironobu Sakaguchi, katika kampuni ya Square. Tangu mwanzo michezo hiyo imekuwa masimulizi zaidi ya kuwa mashindano: mchezaji hutembea katika nchi za kubuni, husoma mazungumzo ya wahusika, na hatimaye humaliza hadithi iliyo ndefu kama riwaya. Walakini wengi wa wachezaji walio nje ya Japani hawakupata kamwe kuisoma hadithi jinsi ilivyotungwa. Walichosoma ni tarjuma, na aghalabu hawakuwa na habari kwamba yuko mtu wa pili aliyeyashika maneno kabla hayajawafikia. Basi swali laja lenyewe: hadithi waliyoipenda ni ya nani?

Wanaozijadili tarjuma hizo hugawanyika pande mbili. Upande wa kwanza husema kwamba mfasiri ni mtumishi wa asili, na kila alichozidisha au kupunguza ni khiana. Upande wa pili husema kwamba maadam mchezaji amefurahi, kazi imetimia. Pande zote mbili zina kasoro moja: hulipima badiliko bila ya kuuliza limetoka wapi. Badiliko laweza kulazimishwa na mashine. Laweza kuamriwa na mwenye kuuza. Laweza kutokana na tofauti ya lugha. Au laweza kuwa hiari ya mfasiri mwenyewe. Haki ni kumhukumu mfasiri kwa hilo la nne, na kwa ustadi wake katika la tatu. Yale mawili ya kwanza si yake.

Mfano ulio bora ni mchezo wa sita, uliotoka Japani mwaka 1994 na kufika Marekani mwaka huo huo. Huko uliitwa wa tatu, kwa sababu michezo mitatu iliyoutangulia ilikuwa haijatolewa. Mfasiri wake, Ted Woolsey, alikuwa na muda wa siku 30 hivi. Katriji ilikuwa na nafasi ya megabiti 24, yaani megabaiti 3, na humo zilipasa kuenea picha, muziki na maandishi. Kijapani huandikwa kwa alama ambazo moja yaweza kubeba neno zima, hali Kiingereza hutaka herufi tano au sita kwa neno hilo hilo. Hivyo ilimbidi akate. Tena Nintendo ya Marekani ilikuwa na masharti yake siku zile juu ya dini na vileo. Uganga uliobeba jina la utakatifu ukageuzwa ukaitwa lulu, na vilabu vya pombe vikawa mikahawa. Anayemlaumu Woolsey kwa hayo amlaumu pia fundi kwa ufinyu wa kiwanja alichopewa.

Tukija katika hiari yake, mambo ni mengine. Shujaa wa kike katika asili huitwa Tina. Kwa Mjapani jina hilo lina ugeni. Kwa Mmarekani ni jina la jirani. Woolsey akamwita Terra. Aliziacha herufi, akaushika ugeni, na ugeni ndio uliokuwa maana. Kadhalika yuko mwovu wa hadithi, Kefka, ambaye katika Kijapani hujitaja kwa neno “boku-chin”, neno la kitoto lisilomfaa mtu mzima, na kwa neno hilo moja msomaji hujua kuwa akili yake ina kombo. Kijapani kina viwakilishi vingi vya nafsi ya kwanza, na kila kimoja huonyesha umri, cheo au tabia ya msemaji. Kiingereza kina kimoja tu. Woolsey hakuweza kukifasiri kisichofasirika. Badala yake alimpa Kefka mzaha mkali na kejeli katika sentensi zake. Kilichopotea katika kiwakilishi kilirudishwa katika usemi. Hiyo si khiana, bali ni kulipa deni kwa sarafu nyingine.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini, kwani “mimi” yetu nayo ni moja. Katika mchezo huo huo yumo Cyan, askari wa kale asemaye Kijapani cha wapiganaji wa zamani. Woolsey alimpa Kiingereza cha karne zilizopita. Mfasiri wa Kiswahili angekuwa na hazina nyingine: lahaja za kaskazini na lugha ya tenzi. Mhusika asemaye “mato” badala ya “macho”, na “ndoo” badala ya “njoo”, hutambulikana mara moja. Lakini hapo pana hatari. Kiamu ni lugha ya watu walio hai, na kukifanya kuwa alama ya ukale ni kuwasemea wenyewe jambo wasilolisema.

Mchezo wa saba, wa mwaka 1997, wapasa kuwafunza wale wanaodhani kuwa ufinyu wa nafasi ndio adui pekee. Ulitolewa katika diski tatu, na maandishi hayakubanwa tena kama zamani. Hata hivyo tarjuma yake ya Kiingereza ilijaa makosa ya sarufi ambayo mhariri mmoja angeyaondoa. Jina la mhusika mkubwa wa kike liliandikwa Aeris, kisha katika michezo ya baadaye likawa Aerith. Sababu ni fonolojia: Kijapani hakina sauti ya “th”, nayo huandikwa kwa “su”, hata mfasiri asipoambiwa iliyokusudiwa hana njia ya kuijua. Kosa hilo halikuwa la lugha tu. Lilikuwa la utaratibu uliomweka mfasiri mbali na watungaji.

Neno lililobishaniwa kuliko yote ni la mchezo wa kumi, wa mwaka 2001, uliokuwa wa kwanza katika msururu mkuu kuwapa wahusika sauti za waigizaji. Mwishoni Yuna aagana na mpenzi wake. Katika Kijapani asema “arigatou”, yaani ahsante. Katika Kiingereza cha Alexander O. Smith amwambia kuwa ampenda. Utetezi wake upo: midomo ilikwisha kuchorwa kwa Kijapani, na shukrani tupu ya Kiingereza wakati wa kufarakana ni nyepesi mno. Lakini Yuna ni msichana aliyejizoeza kuficha huzuni kwa tabasamu. Nguvu ya neno lake ni yale asiyoyasema, na tarjuma imeyasema. Hapa mfasiri amezidisha, ijapokuwa si kwa uvivu. Kiswahili kingemwondolea nusu ya taabu: “nakushukuru” ina silabi tano, sawa na mapigo matano ya neno la Kijapani, na ile “ku” humtia mpenzi ndani ya shukrani yenyewe bila ya kulitaja penzi.

Smith huyo huyo, pamoja na Joseph Reeder, aliifasiri upya Final Fantasy Tactics mwaka 2007, karibu miaka kumi baada ya tarjuma ya kwanza iliyokuwa na dosari nyingi. Safari hii hadithi ya Yasumi Matsuno ilivikwa Kiingereza cha kale chenye fahari kuliko Kijapani chake. Uzuri wake hauna shaka. Lakini hadithi ni ya mabwana na watwana, na fahari hiyo ikienea katika vinywa vya wote, umbali baina ya Ramza wa ukoo bora na Delita asiye na ukoo hausikiki kama unavyostahili. Hata hivyo kurudia kazi ni jambo la kusifiwa. Mwalimu Nyerere alitoa Julius Caezar mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tarjuma isiyorudiwa hudhaniwa kuwa ndiyo asili.

Basi jibu la swali ni kwamba hadithi hizi zina watungaji wawili, na wa pili hana ruhusa sawa na wa kwanza. Yeye ana haki ya kubadili neno ili kuiokoa tabia ya mhusika, kama alivyofanya Woolsey. Hana haki ya kuibadili tabia ili neno lipendeze. Mhakiki atakayezipima tarjuma za namna hii, pamoja na zile zitakazofanywa kwa Kiswahili, na aanze kwa kuuliza ni mkono wa nani uliolibadili neno. Asipouliza hivyo, atamsifu mfasiri kwa kazi ya mashine, na kumlaumu kwa amri ya mwenye kuuza.