Shaghalabaghala kwa Vipimo

Shemeji aliambiwa mapema afanye mambo mawili kabla mafundi hawajafika: atoe gari gerejini na ashushe picha zote ukutani. La gari alilielewa, maana kontena la taka lingeziba njia kwa siku kadhaa. La picha alilipuuza. Siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, mafundi wakiwa juu wanaezua paa la zamani na nyumba nzima inatikisika, picha ya harusi ikaanguka sebuleni na kioo kikavunjika. Dada yangu hakusema neno. Alichukua ufagio.

Hapa ni nje kidogo ya Denver, jimbo la Colorado, Marekani, mahali ambapo mvua ya mawe huogopwa kweli. Ile ya tarehe 8 Mei 2017 ilileta hasara ya zaidi ya dola bilioni 2, na jengo kubwa la maduka la Colorado Mills, mjini Lakewood, likafungwa kwa miezi. Paa la shemeji lilikuwa la vigae vya mwerezi, vile vipande vinene vinavyopasuliwa kwa kufuata nyuzi za mti. Vinapendeza, lakini vyake vilikuwa vimejikunja na kupasuka, na mbao kavu juu ya nyumba ni kuni. Oktoba 1991 moto wa vilima vya Oakland, California, uliua watu 25 na kuteketeza maelfu ya nyumba, na mapaa ya namna hiyo yalikuwa miongoni mwa yaliyousambaza. Kwa hiyo shemeji alichagua vigae vya plastiki vilivyotengenezwa kwa kalibu za mwerezi halisi, vyenye mistari na nyufa zote za mti. Vile vya daraja la juu hujaribiwa kwa kuangushiwa tufe la chuma la inchi 2 kutoka urefu wa futi 20, mara mbili mahali pale pale, na havitakiwi kupasuka.

Nakiri nilikuja na dharau. Plastiki inayojifanya mti! Nimeona makuti ya plastiki kwenye baadhi ya hoteli za pwani yetu na sikuyapenda hata siku moja. Plastiki yenyewe sijaipenda mpaka leo. Nilikaa siku nne kwenye kiti uani, kahawa mkononi, kwa sababu ya mikono iliyokuwa ikiiweka.

Mazoea ya kumsimamia fundi nilitoka nayo nyumbani, ambako usipokuwapo saruji hupata miguu. Wale walikuwa sita, wengi wao wazaliwa wa Mexico, na nilipowaambia “poleni na kazi” hawakuelewa neno ila walielewa nia, wakacheka na kuinua mikono. Kufikia adhuhuri mwerezi wote ulikuwa kontenani. Chini yake hapakuwa na sakafu ya mbao kama nilivyodhani, bali mbao zilizoachana, zenye nafasi za kupitisha hewa, kama papi zetu za kupigilia bati. Darini ulionekana mwanga wa anga, na vumbi la miaka mingi likashuka juu ya masanduku ya dada, ambayo hakuna aliyekumbuka kuyafunika. Ikabidi kufunika kenchi zote kwa mbao bapa za kiwandani. Zile za zamani zilizooza karibu na gata ziling'olewa, na gharama ya kazi hiyo iliongezwa kwenye bili. Shemeji alikuwa ameonywa kwa maandishi, hata hivyo alikunja uso.

Siku ya pili nzima ilikwenda kwenye vitu ambavyo hakuna atakayeviona tena. Ukingoni, juu ya fisha bodi, bati jembamba lililokunjwa ili maji yadondokee ndani ya gata. Juu yake utando mzito wenye gundi, unaopanda mpaka kupita ukuta wa nje kwa futi 2 au zaidi, kwa sababu wakati wa baridi theluji huyeyuka juu, ikaganda ukingoni, na maji yanayozuiwa na barafu hurudi nyuma kutafuta pa kuingilia. Kisha shuka za kuzuia maji, nyingine maalumu kwa ajili ya moto, kwani vigae vingi vya plastiki hupata daraja la juu la kuhimili moto kwa msaada wa kilicho chini yao. Mkaguzi wa mji alikuja, akapanda ngazi, akatazama, akasaini kibali.

Ndipo likaja lile lililonifanya nisahau kahawa.

Bati humwongoza fundi: ukinyoosha la kwanza, yanayofuata yanajua njia. Vigae hivi vinakuja kwa upana tofauti, kuanzia inchi 4 hadi 9 hivi, na rangi za kahawia, kijivu na karibu nyeusi, na mwenye nyumba analipia ionekane kwamba mtu alivipigilia bila kufikiri. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Fundi mkuu, mtu mzima mwenye mvi chini ya kofia, alifungua mafurushi kutoka rundo hili na lile, akayachanganya kama mtu anayechanga karata. Akapiga uzi wa chaki kuvuka paa zima. Akaanzia upenuni na kupanda, kama aezekaye makuti. Maji yana sheria moja duniani kote. Kati ya kigae na kigae aliacha nafasi inayokaribia unene wa penseli, kwa sababu plastiki hutanuka juani. Nafasi hiyo haikuruhusiwa kuwa karibu na ile ya mstari wa chini kwa umbali usiofika inchi moja na nusu, maana maji yakipenya hapo ni lazima yakute mgongo wa kigae kizima.

Kila kigae misumari miwili, mahali palipowekwa alama, kichwa kikilala sawa na uso wa kigae. Msumari ukizama unakila kigae. Ukibaki juu unakiinua kile kitakachokifunika. Alikuwa akiirekebisha bunduki ya misumari kwa kusikiliza tu. Kijana mmoja alipopiga vibaya, mzee alisimama upande wa pili wa paa, hajaona chochote, akamwita.

Lakini vipimo hivyo unaweza kufundishwa. Kisichofundishika ni shaghalabaghala. Ukiacha mikono ijiendeshe inaanza kurudia: kipana, chembamba, kipana, chembamba, au viungo vinapanda mshazari kama ngazi. Na jicho la binadamu ni mbea, likiona kosa moja halitazami kingine. Kwa hiyo kila baada ya nusu saa mzee alishuka, akavuka barabara, akafumba macho nusu na kutazama juu kwa muda mrefu. Akirudi, wakati mwingine alihamisha kigae kimoja. Wakati mwingine hakuhamisha kitu.

Siku ya tatu shemeji alirudi jioni kutoka kazini, akaniuliza mbona paa limesimama pale pale. Walikuwa kwenye dohani. Pale paa linapokutana na matofali ndipo panapoanza kuvuja, na mzee alitumia karibu siku nzima akikunja vibati vidogo vyenye umbo la kiwiko, kimoja kwa kila mstari wa vigae, kila kimoja kikilalia cha chini yake. Kisha akachimba kiungo cha saruji kati ya matofali na kuingiza ndani yake bati lingine la kuvifunika vyote. Nilimweleza shemeji hivyo. Alitazama juu, akasema kwake anaona matofali tu.

Siku ya nne wakapigilia kofia kwenye mgongo wa paa, wakasukuma sumaku yenye magurudumu kwenye majani yote ya uani, ikarudi na ndevu za misumari. Vijana walikuwa tayari garini. Mzee akavuka barabara mara ya mwisho, akarudi, akasimama karibu na kiti changu, akanyoosha kidole juu. Mimi sikuona kitu. Ndipo nikaviona: vigae vitatu vya rangi nzito, karibu na dirisha la darini, vimesogeleana kama watu wanaosengenya. Akapanda tena na chuma bapa, akakipitisha chini ya kile cha katikati, akakata misumari yake na kukichomoa.